Aliyewakilishwa Yupo

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Kisangani, wa ng'ambo hii ya mto na wa ng'ambo ile, wakubwa kwa watoto, wenye simu na wanaotarajia kupata simu, kwamba serikali imeingia rasmi ndani ya masomo ya lugha kwa mtandao. Wakaaji wanaombwa kubaki watulivu.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Feruzi, Mshauri Mkuu wa Direction ya Mji ya Masomo ya Lugha kwa Mtandao, na cheo nilikipata kwa elimu yangu. Darasa la kwanza nilisomea Basoko. La tatu Banalia. La pili hatujakutana bado, lakini nimetembea sana na sijakata tamaa. Directeur wetu, Papa Évariste, aliponiuliza nimeishi wapi, nilimtajia miji mpaka akachoka kusikiliza. Akasema: "Mutu alishatawanyika namna hii, njo réseau, njo mtandao yenyewe." Nikaanza kazi siku ileile.

Direction yetu ina kompyuta. Iko ndani ya katoni yake, juu ya kabati, isije ikaharibiwa na matumizi.

Sasa nieleze hatari iliyoilazimisha serikali kuingia. Kule mtaa wa Mangobo kulikuwa na mwalimu, Mama Georgette, aliyekuwa anafundisha Kiswahili kwa simu, na watu walikuwa wanakijua. Hali kama hiyo haiwezi kuachwa bila usimamizi. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa hapa kwetu waliozaliwa Ulaya, pamoja na wakubwa kadhaa wa Kinshasa waliooa Kisangani na kuchoka kusengenywa na wakwe zao mbele ya macho yao wenyewe.

Directeur alikwenda kumkagua. Maana yake, nilikwenda mimi. Msomaji wa mbali aelewe: kwetu mkubwa haendi mahali, anawakilishwa. Nimekaa katika mikutano ambamo kila mtu alikuwa anamwakilisha mwingine, na hiyo ndiyo mikutano mizuri, kwa sababu hata watu wakikosana hakuna aliyekosana.

Nilimkuta Mama Georgette Jumamosi asubuhi, simu mkononi. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na Koko Katungu, bibi mmoja Mnande aliyewahi kuuza vitambaa sokoni, sasa amepumzika. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria. Upande wa pili kulikuwa na mjukuu wake Israël, mtoto wa Liège kule Ubelgiji, meno ya mbele hana.

"Israël," akasema Mama Georgette, "koko anakupatia pondu. Umujibu."

"Sitaki."

"Sitaki?" Koko akaruka. "Miye niliamuka asubui kutwanga pondu, weye unasema sitaki?"

"Pondu iko... iko majani!"

"Aka! Majani! Mama yako alikomala na nini? Na pizza?"

"Weye kula majani. Miye napenda kuku!"

"Kuku ni ya nani? Weye njo uliifuga?"

"Koko iko mukali!"

Koko Katungu akafunika mdomo kwa kitenge. Nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Georgette, unasikia vile ananitukana? Mutoto wangu ananitukana na maneno yake mwenyewe!"

Mama Georgette akanieleza njia yake bila aibu yoyote. "Papa Feruzi, salamu mutu anaisahau. Lakini ukimukatalia mutoto kitu anapenda, atatafuta maneno ata chini ya kitanda. Na ba papa ba Kinshasa ni vilevile. Kila mutu ninamupatia mutu wa kubishana naye."

Nikapeleka ripoti. Directeur aliisikiliza huku amefumba macho, ishara kwamba anaelewa.

"Kubishana? Iko ku programme?"

"Hapana, Directeur."

"Na ule mutoto wa Liège, nani alihakikisha kama iko?"

"Nilimwona kwa simu."

"Kwa simu ata marehemu tunabaona, Feruzi. Bon. Andika."

Nikaandika. Ni arrêté nzuri, amri kamili ya serikali, naweza kusema hivyo kwa sababu maneno ni yake na mikono ni yangu. Ibara ya kwanza: mwanafunzi wa mtandao atasoma mahali ambapo serikali inaweza kumwona, yaani katika salle yetu, ukumbi wa mtaa wa Makiso. Ibara ya pili: aliye mbali atawakilishwa na ndugu yake mwenye procuration, yaani barua ya uwakilishi. Ibara ya tatu Directeur aliisema amesimama, mkono kifuani: "Aliyewakilishwa yupo. Neno la mwakilishi ni neno lake, na sahihi ya mwakilishi ni sahihi yake." Baadaye akaongeza kwamba aliyewakilishwa asionekane tena kwenye kioo, kwa sababu mtu kuwapo mara mbili ni udanganyifu.

Somo la kwanza lilikwenda vizuri kupita tulivyotarajia. Viti vyote vilijaa ndugu. Mama Georgette tulimweka chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kwa sababu mwalimu wa mtandao akionekana kwa macho inakuwa shule ya kawaida. Alipokohoa, tulisikia kikohozi kwanza kwa ukuta, kisha kwa simu. Directeur, niliyekuwa nikimwakilisha, alifurahi sana.

Nikaanza kuita majina. "Israël!"

Koko Katungu akageuka kuangalia nani ameitwa.

"Koko, jibu. Ni weye Israël."

"Miye ni koko yake," akasema Koko Katungu.

"Kwa leo weye ni mutoto."

"Mutoto?"

"Ndiyo. Wa Liège."

Akajiweka sawa kwenye kiti. "Bon. Basi unipatie bonbon, tonton. Na ninataka kwenda kukojoa."

Salle yote ikacheka, nami nikaandika: mwanafunzi yupo, ni mchangamfu.

Matokeo yakatoka. Kiswahili cha watoto wa Ulaya kilikuwa kimepanda namna ambayo hakuna mtaalamu angeweza kuieleza. Israël alikuwa wa kwanza. Bulletin yake ilisema kwamba matamshi ni bora, msamiati wa soko ni tajiri kupita umri wake, na katika kupunguza bei hana mpinzani. Tukaituma Liège. Mama yake akapiga simu kumshukuru Directeur. Nikashukuriwa.

Koko Katungu peke yake ndiye hakufurahi. Akaja ofisini, akakaa kwenye benchi la korido mpaka Directeur alipotoka kwenda kula.

"Papa Directeur, miye ninaomba mutoto wangu."

"Mutoto wako iko wa kwanza, mama. Unalia nini?"

"Wa kwanza ni miye. Ule wa Liège alinyamaza. Mama yake anasema: kama Israël alishajua Kiswahili vile, Jumamosi ataenda kujifunza kuogelea. Alishanunua ata kofia ya maji." Akapangusa uso. "Papa, miye sina Kifaransa ya kusema naye. Njia yetu ilikuwa ile saa moja ya Jumamosi. Wakiipatia piscine, ni mwisho. Atakuwa mutu wa kupunga mukono kwa simu: bonjour koko, au revoir koko."

Directeur akaguswa. Nilimwona anaguswa. "Mama," akasema kwa upole, "unataka nimutoe wa kwanza kusudi arudi kusema bibaya? Unapenda mutoto wako kweli?" Akaenda kula lituma na samaki.

Koko akarudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Alikaa kwenye benchi lile mpaka wageni wakaanza kumuuliza yeye ofisi ziko wapi, naye akawaonyesha.

Ndipo habari ikafika: Inspectrice, mkaguzi wa serikali, anatoka Kinshasa kuja kuona muujiza wetu. Ofisi ikapakwa rangi mpaka usawa wa macho. Directeur akaanza kufunga sanduku.

"Unakwenda wapi, Directeur?"

"Yangambi, na bateau ya mto. Mission ya kazi."

"Lakini Inspectrice..."

"Feruzi, weye ulitembea bure. Mukubwa akikutwa ku bureau, batasema hana kazi. Utatafuta mutu aniwakilishe. Tena mutu muzuri." Akatia sahihi procuration, nafasi ya jina akaiacha wazi, akaondoka na ndoano zake za kuvulia.

Mimi nisingeweza. Nilikuwa itifaki, na mtu hawezi kupokea na kupokelewa kwa wakati mmoja. Nikafikiri kama mtaalamu. Nani katika Direction hii ana uzoefu wa kuwakilisha, uzoefu uliopimwa na kupewa alama? Nikatoka koridoni.

"Koko, una nafasi asubui hii?"

"Minakaa tu."

"Basi kaa ku fauteuil, kiti ya Directeur."

Inspectrice aliitwa Madame Delphine. Miwani, mkoba mweusi, viatu vya kutotania. Aliingia, akamwona Koko Katungu nyuma ya meza kubwa, kitambaa kichwani, mikono imekunjwa.

"Monsieur le Directeur?"

"Njo miye," akasema Koko.

Madame Delphine akasoma procuration. Akasoma arrêté, ibara ya tatu mara mbili. Kisha uso wake ukalegea kama mtu aliyefika nyumbani. "Usijali, Monsieur le Directeur. Mimi namwakilisha Secrétaire Général, ambaye anamwakilisha Ministre. Mimi pia si mimi."

"Karibu, baba," akasema Koko.

Wakaelewana mara moja.

"Kazi inaendeleaje, Directeur?"

"Kazi gani? Miye sifanyake kazi."

Kalamu ya Madame Delphine ikasimama. "Naomba urudie."

"Miye Directeur, sijafika ata siku moja ku ile salle. Muulize tonton Feruzi. Nilikamata mwalimu, nikamufungia nyuma ya mbao. Nilikamata batoto, nikabafukuza ku simu, nikaweka ba koko bapate points. Points ni za bongo, za kudanganya. Ningekuwa na aibu, ningeacha hii kazi leo."

Nikatazama ukuta. Umepakwa vizuri.

Madame Delphine akavua miwani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameitumikia serikali tangu msichana, na hajawahi kusikia Directeur anajisema namna hii, mchana, bila kulazimishwa. "Na ungependa kuacha kazi, Directeur?"

"Leo."

"Kwa ombi lako mwenyewe?"

"Kabisa. Lakini mbele niondoe ile arrêté. Tonton, andika."

Nikaandika. Ibara ya kwanza, ya pili na ya tatu zikafutwa, kuanzia kesho yake asubuhi, ili mambo ya siku ile yabaki halali. Kuhusu kioo tu, amri ikaanza saa ileile, maana ilikuwa Jumamosi na piscine za Liège hufunguliwa mapema. Koko akatia sahihi ya Directeur, msalaba na nusu duara. Mama Georgette akatolewa nyuma ya mbao. Simu ikaegemezwa kwenye bendera ndogo ya mezani, na Liège ikaita muda mrefu.

Israël akatokea. Alikuwa amevaa kofia ya maji.

Koko akaivuta simu karibu. Aliyesema kwanza ni mtoto.

"Koko, ulikuwa wapi?"

"Miye? Nilikuwa... nilikuwa ku masomo."

"Masomo ya nini? Weye mukubwa! Miye nangoja, nangoja, simu hapana. Koko mubaya!"

"Mubaya ni weye! Kichwa yako iko sawa yayi ya kuku!"

"Ni kofia!"

"Toa!"

"Sitaki!"

Madame Delphine, mtu wa Kilingala tangu kuzaliwa, akavuta kiti karibu na Mama Georgette. Akamuuliza kama kwa mtu mwenye mume wa Kisangani na mawifi watatu kuna nafasi. Mama Georgette akamwambia iko, na kwamba ataanza na wifi mkubwa.

Directeur alirudi Jumanne, amechomwa na jua, na samaki wake kwenye jani. Nilimpokea mlangoni nikampongeza kwa ujasiri wake. Nikamweleza kwamba barua ya Kinshasa imemsifu, imekubali ombi lake, na imempa Mama Georgette ofisi ili awe na mahali pa kuchajia simu.

"Ombi gani? Miye sikukuwa hapa!"

"Ulikuwa, Papa. Ulisema vizuri sana."

"Feruzi! Nilikuwa Yangambi! Ninaloba samaki na ndoano!"

Hilo nilimshauri asilirudie mbele ya watu. Akanipokonya simu, akampigia Madame Delphine. Alipandisha sauti mpaka wauza mikate wa nje wakasogea kusikiliza.

"Madame, Directeur ni miye! Miye Évariste!"

"Monsieur," sauti ikajibu, "Directeur nilikutana naye. Mtu wa maana, kitambaa kichwani, anasema ukweli. Wewe unamwakilisha nani?"

"Simuwakilishe mutu! Ni miye mwenyewe!"

"Basi hupo," akasema Madame Delphine, akakata.

Akabaki ameshika simu. Tukamwomba asogee kidogo, kwa sababu pale aliposimama ndipo réseau inapokamata, na kuna mtoto wa Liège alikuwa anangoja kumalizana na koko yake.