Maji Matamu ya Kisima Changu

Jumatatu, 8 Septemba
Mtaalamu wa maji, Bi Faudhia, kaja Lionja kupima visima. Pampu ya sola ni moja tu! Itafungwa kwenye kisima kinachofaa kunywa na kumwagilia: changu, au cha mtani wangu Saturnini. Nami nimeshatangaza sokoni kwamba ni yangu. Changu kikikataliwa, mke wangu Rukaiya kaapa hatachota kwa Saturnini watu wamcheke. Heri arudi kwao Mkotokuyana.

Jumanne, 9 Septemba
Balaa! Bi Faudhia ametugawia chupa tujaze wenyewe; kesho atazipitia akitoka Namungo. Kasema anatafuta maji matamu. Yangu yana chumvi kwa mbali. Nimeonja na kuonja mpaka tumbo limejaa. Saturnini akapita, akauliza kama nimeamua kukimaliza kisima peke yangu. Mshenzi.

Jumatano, 10 Septemba
Matamu? Nimetia sukari ya uji. Nyingine imemwagika, ikaganda kwenye kifuniko. Rukaiya kauliza sukari iko wapi. Nikasingizia panya. Chupa imeingia kwenye boksi la Bi Faudhia, boksi limelala ofisi ya kijiji.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeumbuka! Boksi limefunguliwa mbele ya watu: sisimizi! Mstari mzima, wote kwenye chupa yenye jina langu. Saturnini akasema hata wadudu wameshampigia kura mtani. Watu hoi kwa kicheko. Bi Faudhia hakucheka. Akaeleza kwamba maji matamu ni yasiyo na chumvi nyingi, siyo ya chai. Kwani nani hajui! Kilichonikata maini: kumbe chumvi kidogo inaruhusiwa, kwa kunywa na hata kwa kumwagilia mchicha. Cha Saturnini kimepita. Rukaiya kafunga kanga zake furushi. Nimelia, sifichi. Nikamwangukia Bi Faudhia. Kakubali kurudi Jumatatu, achote mwenyewe kabla pampu haijafungwa. Furushi liko mlangoni, linasubiri majibu.

Jumapili, 14 Septemba
Silali, sili. Chumvi kidogo ni kiasi gani? Hakusema! Na kesho chupa siishiki mimi. Lakini kosa langu nimeliona: sukari ndiyo iliyoita sisimizi. Ndimu haiwaiti, tena inakata chumvi. Nimetumbukiza gunia zima kisimani.