Boksi la Maharage na Maili za Kujitolea

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Nimegundua siri! Khalfan, yule Mzanzibari ninayegawa naye vyakula kwa wakimbizi wa mtaa wa Vickery Meadow, kaniambia kila maili anayoendesha kwa kujitolea huiandika, na kodi inapungua. Mimi najitolea mwaka wa pili huu. Sijaandika hata moja! Ndiyo maana Idi iliyopita alichinja mbuzi na watu wote wakaenda kwake. Kwangu Pasaka walikuja wawili, na mmoja alikuwa amekosea mlango. Basi Pasaka ijayo mbuzi ni kwangu mimi, Severin. Nimeshatangaza kwenye kundi la WhatsApp.

Jumanne, 9 Desemba

Kutoka kwangu Mesquite hadi Vickery Meadow ni maili kumi na tatu. Kidogo mno! Leo nimepitia Fort Worth, mji ulio upande mwingine kabisa. Zaidi ya themanini! Kabichi zimenyauka, lakini zimefika. Mama Heritier, Mkongo mwenye watoto sita, akauliza kama barabara ilifungwa. Nikasema ilifungwa kabisa. Akanihurumia, akanipakulia ugali na sombe, kisamvu cha kwao.

Alhamisi, 11 Desemba

Khalfan kamaliza nyumba kumi na mbili. Mimi tatu. Kila mlango wananikaribisha mezani, na kukataa chakula cha mtu sikufundishwa. Kwa Badria, jirani yake Mama Heritier, nimekula pilau nikasinzia kwenye kochi.

Jioni nimempeleka mke wangu Theodora saluni. Nikaweka boksi la maharage kiti cha nyuma ili safari ihesabike. Theodora akauliza kama maharage nayo yanaenda kusukwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Kwa Loice, Mkenya anayetujazia fomu za kodi. Kanieleza kuwa maili ya kujitolea ni senti kumi na nne. Senti! Tena hazitiwi mkononi, zinapunguza tu kipato kinachotozwa kodi. Na lazima niwe na maandishi ya siku ile ile: tarehe, wapi, kwa shughuli gani. Hapo nikachangamka. Nikasema ninayo, huandika kila siku. Nikamkabidhi daftari hili.

Nilisahau nimeandika nini humu.

Alianza kusoma kimya, kisha kwa sauti. Kwenye maharage akalaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Akafuta machozi, akasema Fort Worth haihesabiki, saluni ndiyo kabisa, na zile kumi na tatu zenyewe, kwa uchache wake, huenda zisinisaidie. Nikauliza, na mbuzi je? Akasema mbuzi hana fomu.

Nitawaambia nini watu wa kundi? Aibu!

Jumapili, 14 Desemba

Theodora kawaambia watu wa kundi kila kitu, hata ya maharage. Nilitaka kuhama jimbo. Kumbe Khalfan kaandika kwamba mbuzi atamleta yeye, ila achomwe kwangu, maana mtu aliyezungusha kabichi hadi Fort Worth anastahili wageni. Mama Heritier ataleta sombe, Badria pilau. Nyumba itajaa! Nimefurahi mpaka nimelia, na Theodora kaniona.

Nami nimekoma. Shajara hii mtu wa kodi haioni tena. Nimenunua daftari la pili, safi, la maili tu. Ukurasa wa kwanza tayari: kesho, boksi moja la maharage, Houston. Maili mia mbili na arobaini, kwenda tu!

Dada yake Theodora ana saluni kule.