Msiba wa Mzee Masanja Aliyekwenda Dutwa

Jamani, leo nimeaibika hadi nimechoka kuaibika. Nimesababisha msiba wa mtu aliye hai.

Mnajua Jumamosi huwa naenda Ngulyati kujitolea kuwasaidia wazee (chuoni walisema itapendeza kwenye maombi ya kazi; hawakusema habari za mgongo). Safari hii nimepewa Bibi Kabula. Macho na masikio yake yamechoka, watoto wako mbali, na kisima nacho kiko mbali. Shida ni mumewe, Mzee Masanja. Hataki wanafunzi. "Mnakuja mara moja, mnapiga picha, mnapotea." Leo alikubali kunijaribu. Nikiharibu, ndiyo basi, na Bibi atarudi kujichotea maji mwenyewe.

Asubuhi Mzee akapanda baiskeli kwenda Dutwa. Wanunuzi wa pamba siku hizi ni wengi na kila mmoja ana maneno yake, akaenda kuwasikiliza. Mimi nikachota maji, nikafua, nikafagia. Nikawa hoi. Ningeondoka hapo, sasa hivi ningekuwa nimelala.

"Mjukuu wangu, nywele zinaniwasha," Bibi akasema. "Nipunguzie kidogo."

Nikachukua mkasi. Nikapunguza kulia, kushoto kukabaki juu. Nikapunguza kushoto, kulia kukawa juu tena! (Nasomea maendeleo ya jamii, si kinyozi.) Mwishowe nikaona heri yaishe, nikashika wembe, nikanyoa zote. Kipara kinang'aa. Bibi wa watu alikuwa ameshasinzia.

Ndipo jirani, Mama Limi, akapita na ndoo kichwani. Akamwona Bibi. Ndoo chini.

"Mayu, mama wee! Masanja katutoka!"

Mimi mtoto wa mjini, binti wa muuza duka, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huku bibi akionekana amenyolewa upara, watu wanajua kafiwa na mumewe. Nikamkimbilia Mama Limi, lakini yowe lilishafika kwa majirani. Bibi akazinduka, akasikia yowe, akadhani kuna msiba kwa jirani. Akaanza kulia naye, kwa adabu.

Mnaona balaa hilo? Watu wanafika, wanamkuta mke wa marehemu amenyolewa, na analia!

"Jamani, hakuna msiba!" nikasema.

"Pole, mwanangu. Kachanganyikiwa huyu," akasema mama mmoja, akanikumbatia nisiweze hata kupumua.

Kuni zikaletwa. Unga ukaletwa. Wanaume wakaketi uani wamenuna, maana kama mjane ameshanyolewa, basi tumezika bila kuwaambia. Nikaeleza huku, nikaeleza kule, sauti ikakauka. (Simu ya Mzee? Iko dukani inachajiwa.) Nikakaa chini nami nikalia, kwa uchovu tu. Hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini.

Jioni Mzee Masanja akarudi. Alipoona watu akashuka, akavua kofia, akaketi taratibu nyuma ya wanaume.

"Nani katutoka?" akanong'ona.

"Masanja," akajibu wa mbele yake bila kugeuka.

"Masanja yupi?"

"Huyu huyu mwenye kaya. Tena wamemzika kimya kimya."

"Wamenizika wapi?"

Yule mtu akageuka. Zile mbio sizielezi. Kuna aliyepita juu ya uzio wa minyaa.

Watu walipotulia na kurudi mmoja mmoja, Mzee akamtazama mkewe. "Nani kamnyoa huyu?"

Wote wakanigeukia. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Bibi akajipapasa kichwa, ndiyo kwanza anagundua.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniambia mbele ya kijiji kizima, "si nilisema kidogo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akasema waliokuja msibani hawaondoki na njaa, hata kama marehemu yupo. Nani wa kupika? Mimi. Nikasonga ugali hadi mabega yakafa ganzi. Marehemu akala, akaomba aongezwe.

Nikaaga, nikijua sitakanyaga tena pale. Roho iliniuma kwa ajili ya Bibi. Mzee akaniita.

"Kesho uje alfajiri."

"Umenisamehe, babu?"

"Ndugu zangu wa Bukundi wameshapelekewa habari. Wako njiani kuja kunizika. Utawapokea wewe, na utawaeleza wewe."

Tafadhali msinicheke leo. Kiwekeni hicho kicheko, kesho mtakihitaji zaidi.