Ruban ya Miaka Hamsini

Jumapili, 28 Julai 2024

Kikao cha familia Bagira, nyumbani kwa wakwe zangu. Jumamosi tarehe 10 Agosti, Papa Gracien na Maman Séraphine wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa, mbuzi, bia, hotuba. Na neno la wakwe! Mmoja tu kati ya waume wa mabinti atapewa mikro. Mimi nimemuoa Mélanie, binti wa kwanza, kwa hiyo ni haki yangu. Lakini mwenye kupanga yote ni Tantine Chantal, dada yake Papa Gracien, na hajasahau mashine yangu ya moshi kwenye ubatizo wa mwaka jana. Watu tisa tu walikimbilia barabarani. Tisa! Wengine walibaki wakikohoa kwa adabu.

Hugues, mume wa Déborah, binti wa mwisho, alisema kama hakuna mwingine, yeye yuko tayari kusema maneno mawili. Anafanya kazi kwenye ONG, shirika la misaada. Wanafundishwa unyenyekevu huko, kwenye semina.

Nikasimama. Nikatangaza tao la taa katikati ya lupango, pale uani. Taa mia tatu, sita kwa kila mwaka wa ndoa. Tantine atasoma mwaka, na mwaka utawaka. 1974, pa! 1975, pa! Mpaka wa hamsini. Tantine akasema ataona, na mikro ataitoa siku yenyewe, kwa mutu atakayestahili. Alikuwa ananiangalia mimi. Au saa ya ukutani nyuma yangu.

Jumatatu, 29 Julai

Dukani kwa Cirhuza, Nyawera. Sikujua kama taa ziko na tabia. Kuna ruban, utepe wa taa, ambayo taa zote zinatii amri moja: ukisema nyekundu, zote nyekundu. Ya baa hiyo. Na kuna ruban ambayo kila taa iko na puce yake, kakichwa kadogo kanakojua zamu yake. Hiyo ndiyo yangu! Cirhuza akanipa na kaboksi ka kuzipa amri.

Halafu akaanza habari ya volti. Eti kwa metre kumi nichukue ya volti kumi na mbili, nguvu inafika mbali. Ya volti tano inachoka njiani. Inataka umeme uingie kwenye ncha zote mbili, kwa waya nene. Wapi! Mimi natengeneza simu Kadutu, mwaka wa kumi na moja huu. Volti tano ni ndugu zangu. Na nyumbani niko na chaja za simu katoni nzima. Nikachukua ya volti tano. Cirhuza akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimhurumia. Biashara ni ngumu siku hizi.

Jumatano, 31 Julai

Nimeunga chaja nane pamoja. Nimepima metre ya kwanza mezani. Mawe, uzuri gani! Rangi ya dhahabu safi, taa sita kwa sita, kama askari wa gwaride. Mélanie akauliza kwa nini sipimi metre zote kumi. Nikamuuliza kama yeye hunywa sufuria nzima ili kujua chumvi. Akasema hapana, lakini mimi nilishawahi kumpikia, na chumvi anaikumbuka. Sikuelewa uhusiano.

Jumapili, 4 Agosti

Nimesimamisha tao Bagira. Nguzo ya kulia iko upande wa viti vya familia ya Papa Gracien. Ya kushoto, upande wa familia ya Maman Séraphine. Prise ya umeme iko ukutani, kushoto. Kwa hiyo mwaka 1974 unaanzia kushoto. Hesabu rahisi.

Tantine Chantal akaja na mkoba wake. Akauliza ndoa hii ilianzia wapi. Nikasema kwenye prise.

Halikuwa jibu. Akanieleza mbele ya watu wote kwamba Séraphine alifuatwa kwao Mudaka, na mahari ilitoka upande wa mwanaume. Mwaka wa kwanza hauwezi kutokea upande wa bibi harusi kama vile yeye ndiye alikwenda kuposa. Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Hugues akatikisa kuliko wazee. Nikasema ndiyo Tantine, ndiyo kabisa, hata mimi lilikuwa linanisumbua. Nikajiambia: mikro, Xavier, mikro!

Jumanne, 6 Agosti

Nimehamisha kaboksi na umeme kwenye nguzo ya kulia. Giza. Nimetikisa. Giza. Nimetukana kwa Mashi, lugha yetu. Giza bado.

Nikampigia Cirhuza. Akauliza mishale inaangalia wapi. Mishale gani? Kumbe ruban yote imechapwa vimishale, na amri inaingia upande mmoja tu, inafuata mshale. Nilikuwa nimeviona. Nilidhani ni urembo. Nimeifungua ruban yote, nimeigeuza, nimeifunga tena. Saa tatu nzima niko juu ya ngazi. Metre ya kwanza inawaka vizuri sana. Nikashuka.

Cirhuza alinikumbusha pia umeme wa ncha ya pili. Alisema amri peke yake ndiyo inafuata mshale. Umeme unaweza kuingia hata kushoto, karibu na prise, na hautaharibu kitu. Kwa heshima nikamuomba Tantine ruhusa. Akauliza ni wapi nimeona familia ya mke inalisha nyumba ya mume. Nikasema sijaona. Basi. Waya moja tu, kutoka prise, inazunguka nyuma ya viti vyote mpaka nguzo ya kulia. Metre ishirini. Nimeunganisha nyaya za chaja, moja baada ya nyingine. Ni nyembamba kidogo. Lakini ni ndefu.

Ijumaa, 9 Agosti

Hugues amekuja na waya nene mabegani, kutoka kwenye jenereta yake. Eti anasaidia. Namjua! Kesho waya ikionekana, watasema taa ni za Hugues. Nikamwambia aipeleke upande wa mbuzi, huko kunahitaji taa. Akaipeleka bila kununa. Hata hiyo ilinikera.

Nimeandika hotuba. Kurasa nne. Inaanza na uumbaji wa dunia.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika usiku huu huu.

Misa nzuri. Mbuzi mzuri. Giza lilipoanza kuingia, umeme ulikuwepo. Kwa Bagira hilo peke yake ni neno la kumshukuru Mungu. Muzee na Maman wamekaa chini ya tao, wameshikana mikono. Tantine akasoma: 1974! Pa! Dhahabu! Vigelegele! 1975! Pa! Nikamtafuta Hugues kwa macho. Alikuwa anapiga makofi, mnafiki.

Tukafika miaka ya themanini, bado vizuri. Tisini, zikaanza kuchoka. 1996, nyekundu. Aka! 1997, nyekundu ya makaa. Kila mwaka uliofuata hafifu kuliko uliotangulia, mpaka wa hamsini, 2023, ambao ilibidi uusogelee ili uuone. Tantine alikuwa anasoma pole pole sasa, sauti chini. Hakuna vigelegele tena. Nilitamani ardhi inimeze na ngazi yangu.

Papa Gracien akasimama. Akaangalia juu muda mrefu. Akasema ni kweli, ni hivyo hivyo. Mpaka 96 walikuwa hawajui kama wana furaha. Mwaka ule vita ilipoingia walikimbia kwa miguu mpaka Walungu, Séraphine sufuria kichwani na Déborah mgongoni, na tangu hapo wamependana kwa mwanga kidogo. Lakini haujazimika, akasema. Akauliza ni nani katika familia hii aliyefikiria jambo kubwa namna hii.

Maman Séraphine alikuwa analia. Wazee walikuwa wanalia. Tantine Chantal, ambaye sijawahi kumuona akilia hata kwenye msiba, alilia. Akaja mwenyewe, akaniwekea mikro mkononi. Akaniita mwanangu.

Wote wananiangalia.

Sikutaka muzee abaki na makosa. Nikaeleza kwamba hapana Papa, zile zote zilitakiwa kuwa dhahabu. Ni volti. Umeme ukisafiri kwenye waya nyembamba unachoka, rangi ya bluu inakufa kwanza, kijani inafuata, nyekundu inabaki. Haihusiani na vita. Nikaeleza chaja nane. Nikaeleza mishale. Nikaeleza nani alikataza ncha ya pili. Mélanie alinivuta koti mara tatu. Dakika ya saba, Tantine akachukua mikro, akampa Hugues.

Hugues alisema asante Papa, asante Maman, kwa kutubeba. Akakaa. Watu wakasimama kupiga makofi. Maneno mawili kweli. Hata uumbaji wa dunia hakuugusa.

Jumapili, 11 Agosti

Mélanie ameongea nami asubuhi, mara moja, kuniuliza chumvi iko wapi.

Nimefikiri sana juu ya jana na nimeona kosa. Chaja nane zilikuwa chache. Kumi na sita zitatosha. Waya ile ile, haina shida.

Nilienda Bagira kufungua tao. Papa Gracien akanizuia. Alisema ruban ibaki pale pale, vile vile, asiiguse mutu. Jioni watakuwa wanakaa chini yake, yeye na Maman, waangalie. Alinishika mkono akiniambia hivyo, hakuniachia haraka. Maskini muzee. Anaona aibu kunisumbua tena.

Jumanne asubuhi wanakwenda misa, wote wawili. Nitaingia na ngazi na chaja mpya. Wakirudi, miaka yote hamsini itakuwa dhahabu, hata 96. Hawatajua kama kuliwahi kuwa na nyekundu. Muzee atafurahi sana.