Mashine ya Vumbi na Heshima Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mashine ya kufyonza vumbi imekata roho katikati ya zulia. Mara ya nne tangu Ijumaa! Ile isiyo na waya, ya kuchaji ukutani, niliyoichagua mwenyewe na kuisifia mwenyewe. Inanguruma dakika tatu, kisha kimya. Mke wangu alichukua fagio. Halafu akanipa habari. Kaka yake anakuja Jumamosi kula nasi mchana, na kama mashine itakuwa bado haijapona, atamwomba aiangalie.

Shemeji! Mwaka jana alitengeneza bomba la jikoni kwa kipande cha mpira, na mpaka leo kila mgeni anayeomba maji ya kunywa husimuliwa habari ile. Mwaka mzima nimekuwa wa pili nyuma ya bomba. Mashine hii hataigusa. Nimemwambia mke wangu nitaitengeneza mwenyewe kabla hajafika. Akaniangalia kwa huruma. Afadhali angenicheka.

Jumanne, tarehe 4

Saa ya chakula nimeiviringisha mashine kwenye shuka na kuipeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme, nyuma ya ofisi yetu. Mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Hata hakuishika. Aliniuliza kama nimewahi kuosha chujio. Mimi! Nimeleta tatizo la umeme, naulizwa mambo ya kufua! Nikamweleza kwa utulivu kwamba ni betri, inaonekana wazi ni betri, hata mtoto wa chekechea angejua ni betri. Akasema kama najua yote hayo, nimefuata nini kwake. Hana adabu. Nikabeba changu nikaondoka. Mchana kutwa mashine imekaa chini ya meza yangu ya kazi. Bosi amejikwaa mara mbili.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata wazo! Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu ana mashine kama yetu, sare kabisa. Anaishi peke yake. Mtu mmoja ana vumbi gani la kuchosha betri? Nikapanda na kujitolea kumsafishia mashine yake kitaalamu, bure, kwa ujirani mwema. Nilitegemea abishe kidogo. Alinikabidhi kabla sijamaliza kueleza, na chaja akaiweka juu. Mtu mwema sana. Niliona haya kwa karibu dakika nzima.

Nimejifungia chumbani. Betri yake nimeitia kwetu, yetu nimeitia kwake. Nikaipangusa mashine yake kwa maji ya sabuni mpaka ikang'aa. Si wizi. Tumebadilishana, ila mwenzangu hajaarifiwa.

Alhamisi, tarehe 6

Mwalimu ameshuka asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Nikadhani amegundua. Kumbe amekuja kushukuru! Anasema mashine ilikuwa haimalizi sekunde kumi, alibakiza kuitupa tu. Tangu nimrudishie jana jioni amesafisha nyumba nzima, makochi, mapazia, na ngazi mpaka mlangoni kwetu. Akasema mbele ya mke wangu, "Mwanangu, una mkono wa baraka." Mke wangu akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu siku ya harusi.

Nikakimbilia chumbani kuwasha yetu. Sekunde nane.

Sielewi. Betri mbovu niliyompa inachapa kazi kwake, nzima niliyochukua imefia mikononi mwangu. Nadhani mashine yetu ina kinyongo na mimi.

Ijumaa, tarehe 7

Sifa zimesambaa. Jirani wa chini ameniita fundi. Nimeichaji mashine kutwa. Sekunde nane. Nimeianika juani. Sekunde saba. Basi kesho nitaamka mapema nifagie kwa fagio, na shemeji akifika nitasema mashine imeshafanya kazi yake, imepumzika.

Jumamosi, tarehe 8

Shemeji amekula, amenawa, ameomba kuiona mashine. Nikasema imepumzika. Mke wangu akaenda kuileta mwenyewe, kifua mbele, amhadithie kaka yake nilivyomtengenezea mwalimu. Hapo ndipo panaponiuma hadi sasa. Akabonyeza. Sekunde nane.

Shemeji hakucheka. Alizungusha kifuniko, akavuta kitu cha mviringo ambacho sikujua kimo humo, kimeganda vumbi nene kama godoro.

"Shemeji, hili chujio mmewahi kuliosha?"

Akaeleza taratibu, bila kejeli, kwamba likiziba, mashine hukosa hewa na kujizima yenyewe. Betri haihusiki. Akaichomoa betri ili aikague. Ubavuni imeandikwa kwa wino mweusi: NYUMBA 14. Sisi ni namba 9. Mwalimu huandika namba ya nyumba yake kwenye kila kitu, hata ndoo!

Kwa hiyo betri yetu ilikuwa nzima. Nimempa mwalimu nzima, nimechukua maiti.

Mke wangu aliuliza neno moja tu. "Ulimwambia?"

Nikaangalia zulia. Akasema kesho nitapanda nimwambie mwalimu kwa mdomo wangu, na yeye hana la kuzungumza nami mpaka nishuke. Nimeona aibu, na safari hii haijaisha kwa dakika moja.

Jumapili, tarehe 9

Nimepanda. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri. Mwalimu akafungua mlango ameshika pasi. Anasema haipati moto tena, ila mtu mwenye jirani kama mimi hana wasiwasi. Nikafungua mdomo. Akanikalisha, akanimiminia chai, akasema tangu astaafu hakuna aliyewahi kupanda ngazi hizi kumfanyia jambo bila kuombwa. Machozi yalimlengalenga. Sasa hapo mtu unaanzia wapi?

Nimeshuka na pasi. Mke wangu ameuliza kama nimezungumza naye. Nikasema tumezungumza sana. Ni kweli, tumezungumza sana. Amefurahi, amenipakulia chakula, anaimba jikoni. Habari ya betri nitamweleza mwalimu nikipata nafasi nzuri.

Pasi nimeifungua. Imeungua ndani, haina dawa. Siwezi kumvunja moyo mzee wa watu. Yetu imo kabatini, nzima, na ukiitazama kwa mbali inafanana na yake. Mke wangu hapigi pasi mpaka kesho asubuhi. Muda ninao tele.