Kuhusu Cheti cha Paja Langu la Kushoto

Hellevåg, 6 Mei

Bibi Ragnhild Tveitan,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule ya Sherehe ya Mei Kumi na Saba, sikukuu ya taifa letu la Norwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, naomba ufute sheria yako mpya isemayo kwamba mzazi aliyeumia ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita hatakimbia mbio za akina baba bila cheti cha mtaalamu wa tiba ya viungo. Binti yangu Ylva anamaliza shule yetu mwezi Juni, kwa hiyo mwakani sitakuwa na haki ya kukimbia. Hii ni nafasi yangu ya mwisho ya kumshinda jirani yangu Gaute Rønnevik, mshindi wa miaka minne mfululizo, anayenikumbusha jambo hilo kila tukikutana kwenye mapipa ya taka.

Malalamiko yangu, kwa mujibu wa shajara, ni haya:

1. Mei 17 mwaka jana, saa nane na dakika ishirini mchana. Kamati iliweka meza ya soseji hatua sita tu kutoka mstari wa kuanzia. Nilitoka kwenye soseji ya tatu moja kwa moja hadi mbioni, nikiwa na suti na viatu vya ngozi. Kwenye mita ya ishirini na mbili msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Meza ingekuwa mbali, ningetembea, na kutembea huko kungeupasha mwili joto. Kosa si langu.

2. Agosti 9 maumivu yaliisha, nikaacha mazoezi kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Oktoba 2 msuli ukachanika tena nikikimbilia feri. Mtaalamu wetu, Torunn, hakunipa hata pole. Alisema, "Maumivu yameisha, Eivind, lakini nguvu je? Zimerudi lini?"

3. Zoezi lake kuu ni hili: napiga magoti, mtu ananikandamiza visigino, nami najiangusha mbele polepole nikijizuia kwa mapaja. Mshikaji lazima awe mzito. Mke wangu aliinuka pamoja na miguu yangu. Mzito pekee mtaani ni Gaute, kilo mia na nne. Basi kila Jumanne na Ijumaa mpinzani wangu hukaa juu ya miguu yangu, akila keki zangu za moto na jibini langu la kahawia, huku akisema, "Taratibu, mzee! Mbona unaporomoka kama gunia la viazi?"

4. Aprili 11 Torunn aliniamuru nikimbie kwa asilimia sabini ya nguvu zangu. Nikauliza inapimwaje. "Ukiweza kunilalamikia huku unakimbia, ndiyo hiyo." Nilimlalamikia mizunguko minane.

5. Msuli wangu umeshakarabatiwa mara mbili. Misuli ya Gaute haijawahi kukaguliwa na mtu. Kwa hiyo anayepaswa kuleta cheti ni yeye, pamoja na kila baba ambaye hajawahi kuumia. Sisi tuliochanika tupite bure, ikiwezekana tuanzie mita kumi mbele.

Wasalimie mumeo, wanakamati, bendi ya shule, na wachoma soseji, ambao sina kinyongo nao binafsi.

Wako mtiifu, anayechechemea kidogo sana,
Eivind Bruseth

N.B. Mei 12. Barua hii ilibaki mfukoni kwa sababu ya mazoezi. Jana Torunn alinipima: mguu wa kushoto sasa una nguvu sawa na wa kulia. Cheti naambatanisha. Leo asubuhi Gaute alikuwa akijaribu mbio kwa siri nyuma ya banda la mashua, bila kupasha misuli, na sasa hawezi hata kupanda ngazi. Torunn amemkataza mbio kwa wiki sita. Jumanne nitamkalia visigino, na keki nitakazokula zitakuwa zake.

Sheria yako ni ya busara mno; naomba isiguswe. Meza ya soseji pia ibaki palepale, kwani akina baba wengine saba wamejiandikisha.