Kukombolewa kwa Kochi la Shangazi

Sogeeni, enyi wenye masikio, na walio jikoni wapunguze moto waje. Maana habari hii ni ya vita, na uwanja wake ulikuwa sebule ambayo mikeka miwili ingeijaza.

Alikuwapo mpigapicha, Mfinya-Jicho, bwana wa vivuli, mpimaji wa nuru kwa kiganja, aliyepaswa kesho yake kupiga filamu fupi ya mama anayemngoja mwana asiyerudi. Mwongozaji alikuwa dada yake. Sebule ilikuwa ya shangazi yao. Na katika mpango wote wa picha ilikuwamo moja aliyoipenda kuliko usingizi: mama ameketi kwenye kochi, kwa mbali, bila neno, mwanga wa dirisha ukimwangukia begani.

Lakini kochi lilivaa deraya. Tangu litoke dukani shangazi hakulivua nailoni yake, na jua lilipoipiga wakati wa majaribio, ikarudisha mng'ao kama wa ngao elfu, hata shujaa akarudi nyuma akajigonga kwenye kabati la vyombo.

"Picha hiyo ife," dada akatoa hukumu. "Tutapiga uso tu, kwa karibu, tumalize."

"Uso kila mtu anao," akajibu Mfinya-Jicho kwa sauti ya chini. "Upweke unataka nafasi. Nipe mpaka chai yako ipoe."

Akamwendea mlinzi wa ngome, aliyekuwa akikunja nguo.

"Shangazi, taa ya ukoo wetu, nimekuja mikono mitupu kuomba nailoni ivuliwe."

"Baba yako alilikalia kochi langu la kwanza na suruali ya grisi," akasema shangazi. "Naye aliomba vizuri hivyohivyo. Hapana, baba."

Akatuma jeshi la akiba, yaani shuka, akalitandika juu ya nailoni. Likateleza taratibu, likalala sakafuni limeshindwa. Dada akapuliza chai yake.

Ndipo shujaa akaacha maneno. Akamwomba shangazi aketi kwenye kochi, upande wa dirishani, naye akaketi wima kama anayepokea mabalozi. Akampiga picha, akamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

Shangazi akaitazama sana. "Huyu aliyefungwa kama mkate ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Na huyo mama wa filamu ataonekana hivi, ndani ya nyumba yangu?"

"Hivihivi."

Shangazi akaipapasa nailoni. "Hiyo kamera yako inaona mpaka wapi?"

Angeweza kudanganya akalikomboa kochi zima. Lakini Mfinya-Jicho akachungulia, akaja, akaweka kidole mwisho wa mto wa kwanza kati ya mitatu. "Mpaka hapa."

Shangazi akaleta mkasi, akakata kwa kufuata kidole kile, na nailoni ikalia kama lango la mji linalofunguliwa. Akakikunja kipande kile, akakibana kwapani.

"Kwingine kubaki na nailoni yake. Na huyo mwigizaji wenu, nguo zake nizikague kabla hajakaa."

Dada akainamia kamera. Mwanga ulikuwa umetulia juu ya kitambaa, na nafasi ya mtu ilikuwa tupu. Akaiweka chini chai yake, ambayo bado ilitoa mvuke.

"Basi tunaanza na hii," akasema.

Na iandikwe, wajao wasome: siku ile ngome ilianguka theluthi moja, bila damu, na Mfinya-Jicho, mshindi wa mto wa dirishani, akasimama mbele ya nchi aliyoiteka, asiruhusiwe kuikalia.